Ratiba ya Kumkomoa Mtu

Kila Januari simu yangu haipumziki. Ndugu zangu wa Kasansa, majirani wa Kibaoni, hata mtu niliyewahi kukaa naye siti moja kwenye basi la kwenda Mpanda, wote wana mtoto anayeingia fomu wani na wote wanataka niongee naye. Eti mweleze wewe ulifanyaje, ulipangaje muda wako, maana ulikuwa unatoka kuwinga ndege kwenye mpunga na bado darasani ulikuwa wa kwanza. Basi naongea nao. Nawaambia walale mapema, waanze na somo wanalolichukia, wasifanye kazi ya nyumbani huku simu iko pajani. Ushauri mzuri tu, wala sidanganyi. Ila hao wa kwenye simu siwaambii jambo lenyewe, kwamba mimi muda niliupanga vizuri kwa sababu kulikuwa na mtu nilitaka kumkomoa.

Nilitaka asivuke kidato cha pili. Hilo tu. Sikumwombea ajali, sikumwombea ugonjwa, sikwenda kwa mganga. Nilitaka mtihani wa taifa wa kidato cha pili umrudishe nyuma, sisi tuingie fomu thrii yeye abaki anatuangalia. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoapa hivyo, na kwa mwaka mmoja na nusu na zaidi sikukosa hata siku moja kulifanyia kazi. Kama kuna njuka, hao wageni wa fomu wani, anataka kujua nidhamu ya muda inatoka wapi, yangu ilitoka hapo.

Shule yetu ilikuwa ya kata, nje kidogo ya Kibaoni. Sisi Wasukuma wa ng'ombe tulikaa ng'ambo ya majaruba, mwendo wa saa moja na nusu kama hujavuta miguu. Baba alishuka na mifugo kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa, akakuta wenyeji wanalima mpunga, naye akalima. Huyo niliyetaka kumkomoa, mwenzangu, tulipangwa dawati moja siku ya kwanza. Kwao walikuwa na duka pale stendi, la sukari, sabuni, misumari, kila kitu. Alikuwa msichana mcheshi, ana saa mkononi, na anajua kutuamkia Wasukuma "mwangaluka" na kucheka na sisi, maana nusu ya wateja wa mama yake walikuwa akina mama wa kwetu. Nilimpenda haraka sana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki ile ya kwanza mwalimu wa taaluma alituchorea ubaoni mfano wa ratiba ya nyumbani. Saa tisa kurudi, saa kumi kuoga na kupumzika, saa kumi na moja kujisomea, saa moja taarifa ya habari. Darasa zima likanakili vile vile. Watoto wa kwetu ambao hata redio haina betri waliandika taarifa ya habari. Mimi nikaandika ukweli: saa kumi na nusu mpaka jua kuzama, ndege. Watu walicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Ratiba ya mwenzangu, yenye rangi nne na maua pembeni, ikabandikwa ukutani kama mfano wa kuigwa. Sikumwonea wivu. Nilimsaidia hata kupigia mistari.

Lakini ndege hawakuwa utani. Mpunga ukianza kuiva mwezi wa nne, kwelea kwelea wanashuka kama mtu kamwaga uchafu kutoka mbinguni, na familia isiyokuwa na mtu juu ya dungu inavuna makapi. Wadogo zangu walilinda asubuhi, zamu yangu ilikuwa ya jioni. Nilipanda pale kwenye kichanja na sare yangu ya shule, nikafunga kamba moja kifundo cha mguu wa kulia na nyingine wa kushoto. Kila kamba ilikwenda mpaka kwenye makopo yaliyoning'inizwa upande wake wa jaruba. Ndege wakishuka kulia, natingisha mguu wa kulia, makopo yanalia, wanaruka. Mikono yangu ilibaki huru, na daftari lilikuwa pajani. Niligundua kuwa kundi likifukuzwa linazunguka na kurudi baada ya muda unaotosha kufanya swali moja la hesabu, kama hujazubaa. Kwa hiyo maswali kumi yalikuwa mizunguko kumi. Mpaka leo nikipewa kazi kubwa naikata vipande vya mzunguko mmoja mmoja.

Mwenzangu kazi za nyumbani hakuzifanya. Kule dukani kulikuwa na runinga, na kulikuwa na simu ya dada wa kazi yenye nyimbo zote mpya za Bongo Flava. Asubuhi kabla ya paredi ananiomba daftari, anaangalizia fasta fasta, tunakusanya. Niliona ni urafiki. Kwetu mtu akiwa na maziwa, jirani hanywi chai ya rangi.

Siku moja mwezi huo huo wa nne mwalimu wa hesabu akatuita mbele sisi wawili. Alikuwa kijana aliyetoka chuo juzi, mtu wa Dar, hajamaliza hata miezi mitatu Katavi. Alikuwa na madaftari yetu mkononi. Swali la saba nilikuwa nimekosea, nimesahau kubadilisha alama ya kutoa, na kosa hilo hilo lilikuwa kwenye daftari la mwenzangu, mstari kwa mstari. Daftari lake lilikuwa na jalada la kalenda juu yake nailoni. Langu lilikuwa na alama ya kidole chenye tope na punje ya mpunga imekauka katikati ya ukurasa. Mwalimu akauliza nani kaangalizia kwa mwenzake, na aliuliza kwa hasira.

Kwetu mtu mzima akikuuliza kwa hasira, mtoto wa kike hajibu akiwa amesimama. Unapiga magoti, unaangalia chini, unasubiri uambiwe inuka useme. Ni adabu, hata kama huna kosa, tena hasa kama huna kosa. Mimi nikapiga magoti. Sikufikiria, miguu ilikwenda yenyewe. Mwalimu akaniangalia pale chini. Nikawa nasubiri aniambie inuka nieleze.

Mwenzangu akasema taratibu, "Sir, si unaona mwenyewe kapiga magoti."

Alijua. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia na haijawahi kusogea. Mwalimu hakujua, mgeni yule, kwao labda mtu akipiga magoti amekiri. Lakini yeye kila siku ya Mungu anaona wasichana wa kwetu wakipiga magoti mbele ya kaunta ya mama yake ili tu waseme shikamoo wanunue chumvi. Alichukua heshima niliyofundishwa na mama yangu akaifanya ushahidi wa wizi. Wala hakupandisha sauti.

Nilipigwa viboko vinne na kupewa sifuri yenye wino mwekundu. Hayo yangepita. Kisichopita ni kitanda. Shule ilikuwa imegeuza darasa moja kuwa bweni la wasichana wanaotoka mbali, vitanda kumi na viwili, na jina langu lilikuwa la tisa kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini. Ilipofika Ijumaa jina langu lilikuwa limekatwa, pembeni wameandika neno udanganyifu. Maana yake saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, mpaka nimalize shule.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anapeta mchele. Sisi tunamwita mayu. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mikononi, akaniuliza nilipiga magoti kwa kosa au kwa adabu. Nikamwambia kwa adabu. Akasema basi tulia, Mungu anaona. Nikaitikia, ila moyoni nikasema Mungu anaona, sawa, lakini Mungu hakai dawati moja na yule.

Nilifikiria kumpiga. Mimi nimekua nachunga madume, ningemvunja. Nikafikiria kumpa majibu ya uongo aangalizie. Nikaona atachapwa siku moja, atahama kwa mwingine, yameisha. Jibu lilikuja nikiwa juu ya dungu, siku ya tatu au ya nne, nikiwaza ndama wetu mmoja aliyefiwa na mama yake. Mdogo wangu alimhurumia akawa anamnywesha maziwa kwa chupa muda mrefu kupita kiasi, na yule ndama alifika umri wa kuchungwa hajui majani ni chakula. Nikaacha hata kutingisha miguu. Ndege walikula sehemu nzuri tu ya jaruba siku hiyo, na baba alinisema.

Jumatatu mwenzangu akaja na chapati mbili kwenye mfuko. Hakuomba msamaha. Akaniwekea ule mfuko wa chapati kwenye dawati, akaangalia pembeni, akaniuliza kama bado nina hasira. Nikasema hasira ya nini, rafiki yangu, yalishapita. Nikala chapati yake. Halafu nikamsogezea daftari.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa saa. Nililala mapema kuliko kuku. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja na robo, na njiani nilikuwa nakariri msamiati wa Kiingereza, maneno mawili kwa kila jaruba ninalopita. Saa moja kasoro robo lazima niwe darasani, maana mwenzangu anahitaji dakika ishirini za kunakili na mimi nilitaka azipate zote, bila haraka, bila hofu. Mchana kengele ya kwanza ya usafi ikilia, wengine wanazubaa na mafagio, mimi nilikuwa nimeshafanya swali gumu kuliko yote ili niondoke nalo kichwani. Jioni dungu. Kila kazi niliifanya mara mbili. Ya kwanza kwenye karatasi ya rafu, yenye kuhangaika kwangu kote, mikato na makosa. Ya pili safi, ya kwake, haina hata alama moja ya kuonyesha mtu alifikiria nini. Majibu yanashuka tu kama maji ya bomba.

Wala hatukukamatwa tena. Nilikuwa nageuza maneno kwenye langu, na mara moja kwa wiki nakosea swali makusudi ili yeye anizidi. Mwalimu wa hesabu akaanza kumsifia. Mitihani ya shule tulikaa dawati lile lile, watu themanini darasani, nani ataangalia? Nilikuwa nauvuta mkono wangu pembeni aone vizuri. Akawa anatoka wa tano, wa sita. Mama yake akamnunulia saa nyingine. Watu wa dawati la nyuma walinong'ona kwamba Msukuma mjinga, anatumikishwa na aliyemchongea. Niliwaacha waseme. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nguo yake.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba nilikuwa nakuwa kipanga kweli kweli. Mtu anayefanya kila swali mara mbili, tena akitafuta njia ya kuficha alivyofikiri, ni lazima alijue hilo swali mpaka mifupani. Nilipofika kidato cha pili walimu waliniuliza nasoma tuisheni wapi.

Mwezi wa nane tukafanya moko, mtihani wa majaribio. Huo mtihani ulipangwa kwa utaratibu wa taifa. Madawati yalitenganishwa, kila dawati mtu mmoja, na tukachanganywa na fomu foo mistari kwa mistari. Mwenzangu alikaa upande wa dirishani, mimi karibu na mlango. Majibu yalipobandikwa alikuwa wa pili kutoka mwisho, na huyo wa mwisho alikuwa ameugua malaria akaacha karatasi mbili.

Alinifuata nyuma ya tangi la maji. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Akaniambia mama yake kasema akifeli mtihani wa taifa hamrudishi kukariri darasa na watoto wadogo, anamweka kaunta moja kwa moja. Akaniambia anasoma swali haelewi hata linaanzia wapi, na hajui ilianza lini kuwa hivyo. Mimi nilijua ilianza lini. Halafu akanishika mkono.

"Nifundishe," akasema. "Nitafanya chochote utakachoniambia."

Nisikudanganye, hapo moyo uliyumba. Kulikuwa na miezi miwili na zaidi. Miezi miwili inatosha, mimi nilijua inatosha, kwa sababu nilijua kila kitu alichokosa na kinakaa wapi. Ningeweza kumfundisha. Alikuwa na akili za kutosha, hakuwa kilaza, alikuwa tu hajawahi kulazimika. Kisha nikaona vidole vyake kwenye mkono wangu, visafi, na nikakumbuka kwamba baada ya hapa yeye anarudi nyumbani kwa dakika kumi na mimi nina saa moja na nusu ya vumbi. Na bado hajatamka neno samahani. Nikamwambia kufundishana tutachelewa, bora nimwandikie ratiba.

Niliiandika siku mbili, nikisubiri ng'ombe wanywe kwenye lambo, maana ilikuwa kiangazi na ndege hawapo. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile. Kila kitu ndani yake kilikuwa cha kweli. Amka saa kumi na moja, nawa uso kwa maji baridi. Anza na hesabu kichwa kikiwa kipya. Simu mpe mama. Pumzika kila baada ya saa moja, tembea, kunywa maji. Jumapili baada ya misa lala. Halafu kwenye kila kipindi niliandika: chukua mtihani uliopita wenye majibu, nakili swali na jibu lake, mara tatu, kwa mwandiko mzuri. Kilichonifanya mimi nielewe vitu nilikijua, kilikuwa kitu kidogo sana, na hicho ndicho nilichokiacha.

Akaifuata. Ee, aliifuata jamani. Msichana ambaye hajawahi kufungua daftari nyumbani kwao alianza kuamka kabla ya jogoo. Simu ya dada wa kazi hakuigusa tena. Akajaza kaunta buku ya kwanza, ya pili, ya tatu, anakuja kunionyesha kabla ya paredi, kidole cha kati kimeota sugu ya kalamu. Akapungua uso. Walimu wakamtolea mfano darasani jinsi mtu anavyoweza kubadilika akiamua. Daftari langu hakuliomba tena, alikataa hata nilipomsogezea, akasema sasa anataka vya kwake.

Asubuhi moja aliniambia hajawahi kujisikia mwanafunzi kama sasa. Nikamwambia hongera.

Siku ya mtihani wa hesabu alinigeukia kutoka kule mbele akatabasamu. Tukaanza. Niliuona mgongo wake muda wote. Kalamu yake ilikwenda kasi mwanzoni, kwa sababu anaandika swali kwanza, alivyozoea. Halafu ikasimama. Akageuza karatasi nyuma, akarudisha mbele, akageuza tena. Msimamizi akamwambia atulie. Niliinama nikaendelea na langu, na nilifanya vizuri kuliko mtihani wowote wa maisha yangu.

Matokeo yalitoka Januari. Mimi nilipata daraja la kwanza, yeye alifeli. Mama yake hakubadilisha neno lake. Tulipofungua shule dawati la fomu thrii lilikuwa na mwingine, na mimi nilifurahi. Usitegemee niseme nilijuta, sikujuta. Nilikula ugali na maziwa ya mgando nikalala usingizi mnene. Njiani asubuhi nilikuwa natembea nacheka peke yangu katikati ya majaruba. Mwenye kovu usidhani kapoa, nilikuwa nasema kwa sauti, nyie mlidhani nimepoa.

Ila furaha ile ilitaka kuona. Haikutosha kujua kwamba yuko kaunta, nilitaka nimkute pale, nimnunulie kitu, anipe kwa mkono wake. Jumamosi moja mwezi wa pili nikavaa sare yangu ya shule ingawa hakukuwa na shule, yenye tai ya fomu thrii, nikaenda stendi kununua chumvi ambayo nyumbani ilikuwepo.

Nilimkuta anapima sukari. Aliponiona akafurahi. Sikutegemea hilo. Akaacha sukari kwenye mizani, akanishika mikono yote miwili, akaita kuelekea nyuma ya duka. Akatoka msichana mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, amevaa sweta jipya la shule yetu lililomzidi mpaka vidole havionekani. Ndio kwanza ameanza fomu wani. Mwenzangu akamwambia huyu ndiye yule dada, aliyenisaidia miaka miwili na hakuniomba hata pipi, yeye kafaulu mimi nikafeli kwa sababu nilichelewa kuanza. Wewe umeanza mapema, hutafeli.

Yule mtoto akapiga magoti kunisalimia. Wao si Wasukuma, kwao hawapigi magoti hivyo. Nadhani aliambiwa na dada yake kwamba watu wa kwetu wanapenda. Halafu akakimbia ndani akarudi na kaunta buku, kurasa kumi na tano zimejaa, swali na jibu, swali na jibu, mara tatu tatu, mwandiko wa kumeremeta. Karatasi yangu ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa rafu, juu ya viberiti, imezungushiwa selotepu isichakae.

Nikamwonyesha swali moja kwenye ukurasa wake, nikaweka kiganja changu juu ya jibu, nikamwambia fanya hili. Alikuwa ameliandika mara tatu jana yake. Akaliangalia. Akaangalia mkono wangu. Akasema kwa adabu kabisa kwamba ratiba haisemi hivyo.

Ningeweza kuondoka. Chumvi nilikuwa nimeshapewa. Ningesema haya mdogo wangu, komaa, nikaenda zangu, na miaka miwili baadaye duka lile lingekuwa na wasichana wawili kaunta. Huyu mtoto hakunifanyia lolote. Hasira yangu niliitafuta kifuani nimwelekezee, nikakuta ipo, bado ya moto, lakini haimtaki yeye.

Nikamwambia, "Hiyo ratiba niliiandika ili dada yako afeli."

Mtoto hakuelewa. Mwenzangu alielewa. Alikuwa amerudi kwenye sukari yake, akabaki na kijiko hewani, kisha akakirudisha kwenye gunia taratibu, akafuta mikono kwenye kanga. Akaniambia nirudie, nikarudia. Nikaongeza na yale madaftari ya kila asubuhi, yote, tangu zile chapati. Nilisema nikiwa nimesimama na nikimwangalia machoni. Akaniuliza kama ni kwa sababu ya siku ile mbele ya mwalimu. Nikasema ndiyo. Nilisubiri aseme samahani, maana hata wakati ule, na yote niliyomfanyia, bado nilikuwa naitaka samahani yangu. Hakuisema. Na mimi ya kwangu sikuisema.

Akabandua ile karatasi kwenye rafu, selotepu ikang'oka na rangi ya ubao. Akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mweupe, akaiweka juu ya kaunta, akaweka na kalamu. Akavuta kigoda kwa mguu.

"Kaa," akasema. "Mwandikie ya kweli. Mimi nakuangalia."

Nikakaa. Nikaandika. Saa za kuamka ni zile zile, maji baridi yale yale, hesabu kwanza, simu kwa mama, Jumapili baada ya misa kulala. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na wateja waliokuja aliwaambia wasubiri. Alikuwa analinganisha kila mstari na ule anaoukumbuka kichwani, maana aliifuata ratiba yangu miezi miwili na alikuwa anaijua kuliko mimi. Kila nilipoandika kitu kilichokuwepo kwenye ya kwake nilisikia anavuta pumzi. Nilipofika kwenye kipindi cha kwanza cha hesabu nikaandika: soma swali, funika jibu, fanya mwenyewe, ndipo ufunue.

Akaweka kidole chake chenye sugu juu ya maneno hayo. Akauliza kama ni hicho tu ambacho kwenye ya kwake hakikuwepo. Nikamwambia ni hicho tu.

"Mstari mmoja," akasema, kisha akamgeukia mama mmoja aliyekuwa anasubiri kiberiti.